Gharama ya Ugonjwa na Njia za Kuilipa

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Tangu jana tumesikia habari za mizani na maghala, za bei ya mnada na mikopo ya mbolea. Ni haki yake, kwa kuwa kazi hizo ndizo zilizotuunganisha miaka kumi iliyopita. Mimi nimeagizwa na Kamati niseme juu ya jambo lisiloonekana katika vitabu vyetu vya hesabu, ijapokuwa lainyonya fedha ya mkulima kama kupe anyonyavyo damu ya ng'ombe. Jambo hilo ni gharama ya ugonjwa. Kesho mtaulizwa kwa kura kama chama kikate fedha kidogo katika kila kilo ya kahawa ili kulipia matibabu ya nyumba za wanachama. Kabla ya kuinua mikono yafaa mjue watu wa nchi nyingine, na wa nchi yetu wenyewe, wamefanyaje, wamelipa kiasi gani, na wamepata nini kwa fedha yao.

Kila mkulima ajua kwamba bei na ubora ni mambo mawili. Jembe la bei ndogo livunjikalo msimu wa kwanza ni ghali kuliko jembe zuri. Kadhalika mtu anunuaye vidonge vinne dukani badala ya dozi kamili, kwa sababu fedha haikutosha, ametoa fedha kidogo lakini hakununua uponyaji. Ataugua tena, na safari ya pili atalipa zaidi. Kwa hiyo katika kila njia nitakayoitaja, nawaomba muulize maswali mawili pamoja wala msiyatenganishe: Yatugharimu nini sote kwa mwaka mzima? Na wangapi wameinuka kitandani?

Njia kongwe kuliko zote ni kila mgonjwa kulipa siku anapougua. Wako wanaoisifu kwa kuwa ni nyepesi: augue alipe, asiyeugua asilipe. Lakini ugonjwa haungoji malipo ya kahawa. Huja mwezi wa tatu, wakati mahindi yamekwisha ghalani na kahawa ingali changa mtini. Hapo mkulima asiye na fedha ana mambo matatu tu ya kufanya: kukaa nyumbani mpaka ugonjwa ukomae, au kukopa kwa riba, au kuuza kitu upesi. Na auzaye upesi huuza kwa hasara. Basi gharama ya matibabu yake si ile iliyoandikwa katika risiti ya hospitali. Yapasa kuongeza hasara ya mbuzi aliyeuzwa nusu ya bei, riba ya mkopeshaji, na shamba lililokosa palizi kwa majuma mawili. Hesabu hiyo haiandikwi na karani yeyote, na kwa hiyo watu hudhani haipo.

Katika nchi yetu tumepita njia hii kwa kwenda na kurudi. Kwa miaka mingi baada ya uhuru matibabu katika vituo vya Serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali za watu binafsi zilizoendeshwa kwa faida. Baadaye uchumi ukaanguka, dawa zikaadimika, na watu wakaona kwamba bure isiyo na dawa si bure, maana mgonjwa alitoka mikono mitupu na kwenda kununua nje. Mwaka 1991 hospitali za watu binafsi zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 Serikali ikaanza kutoza ada katika hospitali zake. Misamaha iliwekwa kwa wajawazito, watoto wadogo na wasiojiweza. Nasema iliwekwa, kupatikana kwake ni habari nyingine, na wengi kati yenu mwaijua kuliko mimi.

Mtu aweza kusema kwamba shida hii ni ya maskini peke yao. Tuitazame basi Marekani, nchi tajiri, ambayo matibabu yake ni mchanganyiko: wengi hulipiwa bima na waajiri, wazee na maskini hulipiwa na Serikali kwa mipango iliyoanzishwa mwaka 1965, na wako ambao hawana kitu. Mwaka 2022 nchi hiyo ilitumia kwa afya kama sehemu 17 katika kila 100 za pato lake lote. Uingereza na Japani zilitumia kama 11. Hata hivyo mtoto aliyezaliwa Marekani mwaka huo alitazamiwa kuishi kama miaka 77 na nusu, na wa Japani kama miaka 84. Sisemi kwamba tofauti yote yatokana na hospitali; chakula, bunduki, magari na dawa za kulevya vina sehemu yake. Lakini Mmarekani hamwendei daktari mara nyingi kuliko Mjapani. Humwendea mara chache zaidi. Kinachomlemea ni bei ya kila kitu, pamoja na mishahara ya makarani wengi wa kudai na kukataa madai.

Wamarekani hao walifanya jaribio moja ambalo lafaa tulijue. Kati ya mwaka 1974 na 1982 taasisi ya RAND iligawa maelfu ya watu kwa bahati nasibu: wengine walitibiwa bure, wengine walilipa sehemu ya gharama kutoka mfukoni. Waliolipa walikwenda kwa daktari mara chache, na fedha iliokolewa. Lakini walipoacha kwenda, hawakuacha safari zisizo na maana peke yake. Waliacha na zile za lazima, karibu kwa kiasi kilekile. Kwa watu wengi afya haikubadilika sana. Bali maskini waliokuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu walikuwa na hali nzuri zaidi walipotibiwa bure. Ada ya mlangoni, kwa maneno mengine, haijui kumchagua mgonjwa wa kumzuia. Humzuia yule asiye nacho.

Marekani hiyohiyo ina habari nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni ya wakulima kama sisi. Mwaka 1929, katika mji mdogo wa Elk City, jimbo la Oklahoma, daktari mmoja aitwaye Michael Shadid, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Lebanoni, aliwaita wakulima akawaambia wanunue hisa za dola 50 kila mmoja, wajenge hospitali iwe mali yao. Hospitali ikafunguliwa mwaka 1931, wakati bei za mazao zimeanguka na watu hawana fedha. Wanachama walilipa ada ya mwaka, na madaktari wakapewa mshahara badala ya malipo kwa kila kazi. Jambo hili la mshahara lilikuwa kubwa kuliko majengo. Daktari anayelipwa kwa kila upasuaji huona sababu nyingi za kupasua. Mwenye mshahara hana haja ya kuziona isipokuwa zipo. Madaktari wenzake walimpiga vita, wakamzuia katika chama chao, wakajaribu anyang'anywe ruhusa ya kutibu. Umoja wa wakulima wa jimbo lile ndio uliosimama nyuma yake asianguke.

Mnamo 1945 Shadid alihutubia watu katika mji wa Seattle, na kutokana na maneno yake wanaushirika, wakulima na wafanyakazi wa huko wakaunda chama cha matibabu kilichoanza kazi mwaka 1947. Chama hicho ndicho kilicholinganishwa na madaktari wa kawaida katika jaribio lile nililotaja. Ilionekana kwamba wanachama wake walilazwa hospitalini mara chache zaidi, pungufu kwa kama sehemu 40 katika 100, na gharama ikapungua kwa karibu robo. Kwa watu wengi afya haikupungua kwa sababu hiyo. Lakini walioingizwa kwa bahati nasibu walilalamika kwamba walisubiri sana na kwamba hawakumchagua daktari wao, na baadhi ya maskini waliokuwa wagonjwa tangu mwanzo hawakupata nafuu iliyotarajiwa. Nayataja haya kwa kuwa mimi ni mwanaushirika, na mwanaushirika anayeficha kasoro za ushirika huwapa maadui silaha. Chama hicho kiliishi miaka 70, na mwaka 2017 kikaingizwa katika shirika kubwa zaidi.

Tuvuke bahari twende Wales. Huko, katika mji wa Tredegar, wachimbaji wa makaa ya mawe na wafuaji wa chuma walikuwa na chama chao cha matibabu. Kila mmoja alikatwa pensi 3 katika kila pauni ya mshahara wake. Kwa pensi hizo chama kiliajiri madaktari na kikaendesha hospitali, na mwishowe karibu mji mzima ukawa ndani yake. Angalieni jinsi makato yalivyokuwa. Hayakuwa kiasi kimoja kwa wote; mwenye mshahara mkubwa alitoa zaidi, mwenye mdogo alitoa kidogo, na matibabu yalikuwa sawa. Wala mwanachama hakuitwa alete fedha. Ilikatwa kabla haijafika mkononi, yaani kabla haijakutana na duka, pombe na karo ya shule.

Mtoto wa mji huo, Aneurin Bevan, alipokuwa Waziri wa Afya alianzisha huduma ya taifa zima, tarehe 5 Julai 1948, inayolipwa kwa kodi na kumtibu kila mtu bila kumtoza. Uingereza ilipata matibabu ambayo hayamfilisi mtu, na kwa gharama ndogo kuliko Marekani. Lakini anayelipwa kwa kodi hutegemea mkono wa Waziri wa Fedha. Mwaka 1951 Serikali iliamua kutoza miwani na meno ya bandia, na Bevan akajiuzulu kwa hasira. Mwaka 2023 orodha ya waliongojea matibabu ya hospitali katika England ilipita milioni 7. Kungoja nako ni bei, ijapokuwa hakuandikwi kwa shilingi.

Wajerumani walianza mapema zaidi, mwaka 1883, kwa sheria ya mifuko ya ugonjwa iliyochangiwa na wafanyakazi na waajiri. Nitasema neno moja tu juu yao. Mfanyakazi wa kiwanda aliingizwa mwaka ule wa 1883. Mkulima mwenye shamba lake alipata sheria ya mfuko wake mwaka 1972. Miaka 89! Sababu si chuki. Mfanyakazi ana mwajiri na mshahara unaoweza kukatwa kila juma, bali mkulima hana bwana wa kumkata wala mshahara wa kukatwa. Neno hilo liwekeni moyoni, maana nitalirudia.

Sasa nataka kukaa kidogo Japani, kwa sababu hakuna nchi ambayo wakulima na vyama vyao wamefanya kazi ya afya kwa upana kama huko. Mwaka 1919 chama cha ushirika cha kijiji cha Aohara, mkoa wa Shimane, kilichokuwa kikishughulika na mikopo, ununuzi na uuzaji kama hiki chetu, kilifungua zahanati kwa kuwa madaktari hawakutaka kuishi kijijini. Mfano huo ukaenea, na hata leo mashirikisho ya vyama vya wakulima wa Japani yana hospitali kama mia moja. Mwaka 1938 ilitungwa sheria ya bima ya afya kwa watu wa mashamba, na mwaka 1961 kila Mjapani akawa ndani ya bima. Bei ya kila tiba hupangwa na Serikali, nayo ni moja nchi nzima, iwe hospitali ni ya ushirika, ya mtu binafsi au ya manispaa. Ndiyo maana gharama haikupanda kama ya Marekani, ingawa Wajapani huenda kwa daktari mara nyingi.

Katika mkoa wa Nagano, wenye milima na baridi, chama cha wakulima kilikuwa na hospitali ndogo mahali paitwapo Saku. Machi 1945 alifika hapo daktari mpasuaji, Toshikazu Wakatsuki. Aliona kwamba wakulima wanaletwa wakiwa wamechelewa mno. Wengine walikuwa wanaumwa lakini wanavumilia, kwa sababu ya kazi au fedha. Wengine hawakujua kabisa kwamba ni wagonjwa. Akafikiri kwamba hospitali inayomngoja mgonjwa mlangoni itatumia fedha nyingi na kuokoa wachache. Basi yeye na wauguzi wake wakaenda vijijini, wakapima watu, na jioni wakaigiza michezo ya kuigiza juu ya minyoo, usafi na magonjwa ya wanawake, maana waliona kwamba watu waliochoka kwa kilimo hulala usingizi katika hotuba. (Naona baadhi yenu mnatabasamu, nitajitahidi kufupisha.)

Mwaka 1959 hospitali hiyo na kijiji cha Yachiho walianza kupima wanakijiji wote kila mwaka, mgonjwa na asiye mgonjwa, na kila mtu akawa na daftari lake la afya. Katika mkoa huo wanawake wa vijijini walijitolea kwa zamu kwenda nyumba kwa nyumba, kuwafundisha wenzao kupunguza chumvi katika supu na mboga za kusindika, kwa kuwa kiharusi kilikuwa kinaua watu wengi. Kazi hiyo haikuhitaji mashine za thamani. Matokeo yake yalichukua miaka mingi kuonekana. Mwaka 1990 wanaume wa Nagano waliongoza Japani nzima kwa umri wa kuishi, na mwaka 2010 wanaume na wanawake waliongoza pamoja; na wakati huohuo mkoa huo ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyotumia fedha kidogo kabisa kwa matibabu ya wazee. Hapa ndipo ubora na unafuu vilipokaa kiti kimoja. Wakatsuki aliishi mpaka mwaka 2006, na mwaka 1976 alikuwa amepewa Tuzo ya Ramon Magsaysay kwa kazi hiyo.

Turudi nyumbani. Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, nchi ya pamba, ndiyo iliyojaribu kwanza Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 1996. Kila nyumba ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka, na Serikali ikaongeza kiasi kama hicho, mpango ulioitwa tele kwa tele. Mwaka 2001 Bunge likaufanya kuwa sheria kwa wilaya nyingine. Fikra yake ilikuwa njema, na waliojiunga walitibiwa bila kuuza kitu. Lakini wengi hawakujiunga, na wengi kati ya waliojiunga hawakurudia mwaka wa pili. Sababu zake zilijulikana upesi. Kadi ilikubaliwa katika kituo kimoja tu, na mgonjwa akipelekwa mbali ilikuwa karatasi. Dawa zilikwisha, na mwenye kadi akaambiwa kanunue, wakati jirani yake asiye na kadi aliambiwa vilevile: kuna haja gani basi ya kadi? Fedha ilikwenda wilayani na wachangiaji hawakusomewa hesabu. Mwaka 2018 mfuko huo uliboreshwa, mchango ukawekwa shilingi 30,000 kwa nyumba ya watu sita, na kadi ikaruhusiwa kupanda mpaka hospitali ya mkoa.

Kuna sababu nyingine ambayo haikutokana na uzembe wa mtu. Mfuko wa hiari huvuta wagonjwa. Mwenye ndoa changa inayotarajia mtoto hujiunga. Mzee mwenye kikohozi hujiunga. Kijana mwenye nguvu hungoja. Ni kama kuuza bima ya moto kwa wale tu ambao paa lao limekwisha kufuka moshi. Fedha haitoshi, huduma hupungua, waliobaki hukata tamaa, na mfuko hufa bila mwizi yeyote kuingia.

Jirani zetu wa Rwanda walianza kwa majaribio katika wilaya tatu mwaka 1999, wakakutana na matatizo yaleyale. Walivyoendelea ni tofauti. Baadaye walitunga sheria kwamba kila mtu awe ndani ya bima. Tangu mwaka 2011 mchango ukapangwa kwa uwezo wa nyumba, na walio maskini kabisa wakalipiwa. Zaidi ya watu 8 katika kila 10 wakaingia. Mfuko wao haukusimama kwa michango ya wakulima peke yake. Serikali na wafadhili waliongeza sana, na ni vema kusema hivyo ili mtu asidhani kwamba kuna uchawi.

Na sisi hatutasimama tulipo. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Watumishi wa Serikali walianza kukatwa zamani: kwa sheria ya mwaka 1999, mtumishi alitoa sehemu 3 katika kila 100 za mshahara, na mwajiri 3. Kwao ilikuwa rahisi. Lile neno la Wajerumani ndilo ninalolirudia sasa: mkulima akatwe wapi? Jibu ni kwamba mkulima wa kahawa ana mahali pamoja tu ambapo fedha yake yote hupita, nao ni meza ya malipo ya chama cha msingi. Tukilipa pale, siku ile, tumekuwa kama wale wa Tredegar. Tukiiacha ipite, itamlazimu mtendaji wa kijiji amtafute mwanachama mwezi wa tatu, asimpate.

Kamati yenu haipendekezi kujenga hospitali. Najua wako wanaoitamani, na habari ya Elk City yaweza kuwatia hamu zaidi. Lakini jengo ni sehemu ndogo. Mishahara, dawa na umeme huja kila mwezi, na wanachama wetu si wengi kiasi cha kuubeba mzigo wa wapasuliwao na wanaosafishwa figo. Mzigo wa namna hiyo wataka mfuko wa watu wengi, wa taifa. Hata baadhi ya hospitali za makanisa zilifanywa kuwa hospitali teule za wilaya, majengo yakibaki mali ya kanisa na Serikali ikichukua sehemu kubwa ya mishahara. Kwa mgonjwa, mwenye jengo si neno kubwa kama mwenye kulipa.

Kinachopendekezwa ni hiki. Tutwae kwa mfano tu kile kiasi cha shilingi 30,000 kwa nyumba, maana kiasi chenyewe kitafuata sheria. Kata shilingi 60 kwa kila kilo. Mwanachama mwenye kilo 200 atatoa shilingi 12,000, mwenye kilo 500 atatoa 30,000, na mwenye kilo 800 atatoa 48,000. Jumla yao ni 90,000, ambayo hulipia nyumba tatu kamili. Mwenye kilo 800 ataniuliza kwa nini amlipie mwenye kilo 200. Swali lake ni la haki, na sitalizunguka. Kwanza, kahawa hubadilika: aliye na kilo 800 mwaka huu aweza kuwa na 300 mwaka ujao. Pili, kama mwenye kilo 200 hataingia, tumerudi Igunga ya kwanza. Asiyekubali sababu hizi, kesho apige kura ya kukataa. Ndiyo maana kuna kura.

Kwa kuwa miti ya kahawa huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka wa pili, makato ya mwaka mwema hayana budi kuacha akiba. Mweka Hazina amekwisha nionya kwamba akiba hiyo itamezewa mate na kila mwenye shida nyingine katika chama, hata kununulia gari. Kwa hiyo azimio lasema iwe na akaunti yake, na isiguswe isipokuwa kwa kura ya Mkutano Mkuu. Yako pia mambo ya wanaouza kahawa kwa walanguzi ikingali mtini. Hao hawatakatwa, wala nyumba zao hazitalipiwa, na nadhani wake zao watawauliza.

Nimewataja wake kwa sababu. Kahawa huandikwa kwa jina la baba, lakini anayembeba mtoto mwenye homa usiku ni mama. Kadi ikikaa mfukoni mwa baba aliyesafiri, fedha yote tuliyokata ni bure. Yapasa jina la mama liandikwe katika orodha, na kadi ikae nyumbani. Mwenye nyumba mbili alipe kwa nyumba mbili. Kamati ililijadili jambo hili kwa saa nzima, na sauti zilipanda, lakini ndivyo ilivyoamuliwa.

Juu ya ubora, kadi haiponyi mtu. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 fedha za vituo zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kila kituo, na kila zahanati na kituo cha afya kina kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Kiti hicho mara nyingi hukaliwa na mtu asiyejua kwamba ana haki ya kuuliza. Tunapendekeza kila chama cha msingi kichague watu wawili, mmoja awe mwanamke, wagombee viti hivyo, na kila mwezi wabandike katika ukuta wa ghala letu orodha fupi: dawa zipi za lazima zilikuwapo, zipi hazikuwapo na kwa siku ngapi, na kama muuguzi alikuwapo zamu ya usiku. Tunapima kahawa yetu kwa unyevu na kwa ukubwa wa punje. Hatushindwi kuhesabu makopo ya dawa.

Bwana Mwenyekiti, karatasi ya hesabu iko mezani kwa Katibu, nakala moja kwa kila chama. Nawaomba makatibu wawasomee wanachama jioni hii, na hasa waukague ukurasa wa mwisho wenye majina ya nyumba. Yako majina yaliyoandikwa mara mbili, na iko mitaa miwili ambayo wajane hawakuandikwa hata mmoja, ijapokuwa wanaleta kahawa yao kila msimu. Masahihisho yapokelewe mpaka saa mbili asubuhi, kabla ya kura.